Niliikumbatia karatasi ya ukutani, mtoto wangu akapelekwa Tarbaj

Admin, jina langu libaki kwako, maana mji wetu ni mdogo na nyumba yangu wengi wameshaingia wakaisifu.

Nina miaka thelathini na moja, naishi Iftin hapa Garissa, nina mume na binti mmoja wa miaka minne. Najua watu wa pwani watanicheka nikisema unyevu umenivunjia nyumba, tena Garissa, mji ambao jua linakaanga mawe. Lakini nyumba yetu iko bondeni, chini ya barabara. Mvua ikinyesha sana maji yote yanakuja kwetu, yanakaa siku kadhaa, na ukuta unayanyonya.

Kwetu Wasomali nyumba ni ya mwanamke. Zamani mama wa bibi harusi na shangazi zake ndio waliofuma mikeka ya kufunika aqal, kile kibanda cha wafugaji. Siku hizi tunakaa nyumba za mawe, lakini mama yangu hakukubali mila ife mikononi mwake. Tulipooana, mume wangu alikuwa ameshaleta mikebe ya rangi. Mama akamwambia, "Wewe kijana, nje ni yako, paka rangi yako huko. Ndani ni ya sisi wamama." Akaleta karatasi za ukutani kutoka Nairobi, maua ya dhahabu, akabandika sebule na chumba cha kulala kwa mkono wake. Kipande kimoja nyuma ya kitanda alikibandika juu chini. Nilipomwambia akacheka, akasema maua hayajui juu wala chini, ni sisi tu tunaojisumbua.

Mwaka jana mama alifariki. Allah amrehemu. Miezi michache baadaye mvua ikaja, maji yakaingia hadi kwenye kifundo cha mguu. Yalipoondoka, karatasi ilianza kuvimba kule chini na nyumba ikanuka kama gunia lililolala na maji. Mume wangu akasema tutoe karatasi, tupake rangi. Nikakataa. Nilimwambia ule ni mkono wa mama yangu na hakuna atakayeubandua nikiwa hai.

Harufu niliijibu kwa uunsi, ule ubani wetu wenye sukari na manukato. Nilichoma asubuhi, nikachoma jioni, madirisha nimefunga ili moshi ushike vizuri. Wageni walikuwa wakisema, "Mashallah, nyumba yako inanukia!" Nami nikavimba kichwa. Binti yangu alikuwa akikohoa pembeni, nikasema ni vumbi. Akaanza kupumua kwa mluzi, nikasema ni mafua.

Siku moja midomo yake ilibadilika rangi tukamkimbiza hospitali. Daktari akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna ukungu ukutani? Mnachoma kitu chochote chenye moshi?" Nikamjibu hapana, hakuna. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui kwa nini nilidanganya. Niliona aibu, basi. Mume wangu ndiye aliyemweleza daktari ukweli wote, kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

Tulipofika nyumbani aliniambia maneno machache tu. "Karatasi ni ya mama yako, sawa. Na mtoto ni wa nani?" Kesho yake akampeleka binti yangu kwa mama yake mzazi Tarbaj, kule kukavu. Akasema mtoto atarudi siku kuta zitakapokauka. Yeye mwenyewe analala dukani kwake, nyumbani anapita kuchukua nguo.

Wiki hiyo hiyo nilibandua karatasi peke yangu, nikilia. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka chini hadi kiunoni. Maua yalikuwa mazima mbele, nyuma kumeoza. Nikaita fundi wa rangi. Akagonga plasta kwa kidole ikamwagika. Akasema, "Mama, mimi nitakula pesa yako bure. Hii maji inatoka chini kwa msingi. Ukipaka rangi leo, itatoa malengelenge." Nikamlazimisha apake. Kabla ya mwezi kwisha rangi ilivimba na kuanza kudondoka. Fundi wa pili akasema yale yale: msingi uliwekwa vibaya tangu mwanzo, dawa ni kubomoa. Nyumba aliijenga mume wangu, na hilo la msingi sijamwambia. Nitaanzaje kumlaumu, mimi niliyedanganya mbele ya daktari?

Kimebaki kile kipande cha juu chini nyuma ya kitanda. Sijakigusa. Nikilala naweka kiganja pale.

Mtakaosema niende Tarbaj, nilishaenda. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipa chai ya maziwa ya mbuzi aliowakamua mwenyewe. Binti yangu anakimbia, hana mluzi tena, amenenepa. Alinisalimia kwa mkono, akaenda kucheza. Nilipomwomba mama mkwe nibaki, alisema kwa upole kwamba mwanamke anakaa kwenye nyumba yake, na yangu iko Garissa.

Juzi nilipiga simu akapokea binti yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Ni hooyo." Hooyo ndiyo mama kwa lugha yetu. Akanijibu vizuri kabisa, kwa adabu niliyomfundisha mimi, "Hooyo hayuko, ameenda kukamua mbuzi." Kisha akaniuliza kama nina ujumbe.

Mvua nyingine iko karibu, mawingu yameshaanza kukusanyika. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Habari ya karatasi na rangi msinipe, ukuta wenye maji haushiki chochote, hilo nimeshalijua. Ninachotaka mnijibu ni hiki: mtoto wa miaka minne huchukua muda gani kumsahau mama yake? Anayejua aniambie, hata kama muda wenyewe umeshapita.