Msaragambo wa Nyumbani Kwetu

Bibi alikuwa akipiga pembe kwa mdomo. Alikunja viganja vyake viwili, akaviweka mdomoni kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na sauti ikatoka nzito, buuu, ikapita juu ya migomba, ikagonga mlima wa pili na kurudi ikiwa imelowa ukungu. Kwetu, milimani Upare Kusini, pembe halisi ikilia asubuhi maana yake ni msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima: kutengeneza barabara, kusafisha mifereji, au kuzibua ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Kila nyumba hutoa watu, na nyumba isiyotoa mtu husemwa mpaka mwaka mwingine. Lakini pembe ya Bibi haikuita kijiji. Iliita watu wanne tu: yeye mwenyewe, Mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Mbonea aliyekuwa na saba. Baba alikuwa huko tambarare kwenye mashamba ya mkonge, akipanda nyumbani mara mojamoja. Hivyo kila kulipokucha, kabla hata uji haujapoa, tulitoka uani watu wanne tukajipanga mstari kama kijiji kidogo chenye serikali yake.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Mbonea. Mbonea alitembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alianguka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumwangusha. Kijiko kilimponyoka, vifungo vya shati vilimshinda, na ukimwita jina alitazama pembeni, kwenye kitu fulani ambacho sisi wengine hatukukiona. Maneno alikuwa nayo machache sana. Majirani walikuwa na dawa zao na sababu zao. Wengine walisema Mama alikula mayai akiwa mjamzito, na Mama, ambaye mayai yenyewe aliyaona yakiuzwa tu, alicheka kwa mdomo huku macho hayacheki. Mwishowe alimbeba mgongoni hadi kwenye gari la sokoni, wakashuka Same mjini, na huko hospitali mama mmoja wa mazoezi ya viungo akawaambia kwamba hali ile inaitwa usonji, kwamba si laana wala si kosa la mtu. Akasema mwili wa mtoto huyu unahitaji kufundishwa polepole mambo ambayo miili ya wengine hujifunza yenyewe. Halafu akasema jambo ambalo Mama alilirudia nyumbani neno kwa neno, kama aya ya kipaimara: "Msifanye mazoezi ya hospitali. Fanyeni kazi zenu, familia nzima, kila siku, kwa mpangilio uleule."

Tulikuwa na haraka kidogo, japo haraka haraka haina baraka. Shule yetu iko bondeni. Unashuka ngazi za mawe ambazo mvua imezila kingo, kisha unavuka mfereji juu ya magogo mawili. Mama alipokwenda kuomba Mbonea aandikishwe Januari, mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza. Kisha akasema, "Mama Naetwe, mimi sina mtu wa kumbeba. Akiweza kushuka mwenyewe, akavuka mwenyewe, na akashika penseli, mlete nimwandike. Sitakuuliza lingine." Haikuwa kauli ya ukatili. Kwetu ilisikika kama ahadi. Naetwe ni mimi, na usiku ule nililala nikijiona nashuka ngazi zile na mdogo wangu, yeye mbele mimi nyuma, madaftari yetu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja.

Basi tukaanza. Kazi ya kwanza ilikuwa kukanyaga udongo wa matofali. Bibi alimwaga maji, sisi tukaingia na miguu mitupu, na udongo ule baridi ulipopenya katikati ya vidole, Mbonea alitoa sauti ndogo ya koo, sauti ya furaha. Udongo ulimlazimisha kushusha visigino, maana kwenye tope ncha za vidole hazikusaidii kitu. Kazi ya pili ilikuwa kutembea juu ya matuta ya mawe, yale yanayoshikilia mashamba yetu yasiporomoke. Tulitembea mikono imetanuliwa, Mama akiyumba makusudi ili acheke, wala hakucheka, ila alitanua mikono yake zaidi. Ya tatu ilikuwa kurusha mahindi kwenye tenga, na hapo Bibi alikuwa mwizi mkubwa. Alisogea hatua mbili mbele kila tulipogeuka, na Mama akimshika alisema, "Mimi ni mzee, tenga lenyewe limenifuata." Ya nne ilikuwa kuokota maharage yaliyomwagwa kwenye ungo, moja moja, kwa vidole viwili. Ya mwisho ndiyo Mbonea aliyoipenda kuliko zote: kubeba jiwe kutoka mlangoni mwa jiko hadi kwenye tuta lililobomoka nyuma ya nyumba.

Kazi ya jiwe ilikuwa na sheria, na sheria aliiweka Bibi. Jiwe ukilishika ni lako mpaka ulifikishe. Huliachi njiani, humpi mwingine, hata akikuomba. "Mtu mzima," alimwambia Mbonea kwa Chasu, lugha yetu Wapare, akimgusa kifuani, "humaliza alichobeba." Mwezi wa kwanza alibeba jiwe la ukubwa wa chungwa na akaliangusha mara nyingi, kila mara akirudi mlangoni kuanza upya, hata kama alibakiza hatua mbili. Hatukumfundisha hilo la kurudi, lilikuwa lake. Mwezi wa pili jiwe likawa kama boga dogo. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja nilimwona akishuka ngazi za shule, visigino chini, na alipofika kwenye magogo akasimama, akatanua mikono kama tulivyofanya kwenye matuta, akavuka. Mama alikuwa ng'ambo na ndoo tupu. Aliiweka chini, akakaa juu yake, akajifunika uso na khanga. Mbonea alimpita tu akaendelea na safari, maana ngazi kwake zilikuwa kazi, na kazi ilikuwa bado.

Kosa lilikuwa langu, na nitalisema kama lilivyo. Mwishoni mwa kiangazi kile ulitangazwa msaragambo wa ndiva, kutoa tope na kuongeza mawe kwenye ukuta kabla ya mvua za vuli. Niliposikia tu, kichwa changu kikaanza kuota. Mwalimu mkuu angekuwepo, maana naye alikuwa na shamba linalonywa maji yale. Kijiji kizima kingekuwepo. Wote wangemwona Mbonea akibeba jiwe.

Bibi alikataa. "Bado," alisema. "Tutampeleka jioni, watu wakishaondoka, abebe yake taratibu."

"Jioni nani atamwona, Bibi?" nikamjibu. "Mijusi?"

"Mijusi haina maneno."

Nikamgeukia Mama. Niliomba siku tatu, nikiosha vyombo bila kutumwa, nikichota maji kabla hajasema. Mama naye alitaka. Alikuwa amesemwa vya kutosha kisimani. Siku ya tatu alisema, "Basi aende, lakini Naetwe utakaa naye hatua moja." Nikaruka kama mbuzi.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko ndoto yangu. Pembe halisi ilipolia Mbonea aliziba masikio, akatetemeka, lakini alikuwa ameijua sauti ile kwa Bibi, akatulia. Aliokota jiwe lake kwenye korongo, akapanda nalo kwenye ukingo wa ndiva, akaliweka ukutani, akashuka kuchukua lingine. Watu waliacha majembe wakatazama. Mwalimu mkuu, suruali imekunjwa hadi magotini, alimwambia Mama, "Kumbe," neno hilo moja tu, na mimi nilihisi limenitosha kwa maisha yangu yote.

Kisha jua likapanda, na msimamizi akasema twende kwa mnyororo. Kila Mpare anajua maana yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo watu hujipanga kutoka korongoni mpaka ukutani, na jiwe hupita mkono kwa mkono, hakuna anayetembea. Sisi wote tunaufahamu mnyororo tangu mgongoni mwa mama zetu, ndiyo sababu hakuna hata mmoja kati yetu, si mimi, si Mama, aliyefikiri kwamba Mbonea haufahamu. Tulimweka katikati. Kulia kwake alisimama Baba Eliasa, jirani yetu mcheshi, na kushoto nilisimama mimi. Baba Eliasa akampa jiwe. Mbonea akalipokea vizuri kabisa, akalikumbatia, akatoka kwenye mstari kuanza safari ya kulifikisha.

"Wee kijana," Baba Eliasa akamwambia, "hilo jiwe unakwenda kulioa?" Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha kusahaulisha jua. Lakini mnyororo ulisimama, mawe yakarundikana, na sauti kutoka chini ikauliza nani analala huko juu. Nilimwona mwalimu akigeuza shingo. Nikamrudisha Mbonea, nikamtoa jiwe mikononi, nikalipitisha. Akanitazama usoni. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kunitazama usoni hata siku moja, alinitazama. Jiwe la pili likaja, nikamtoa hilo nalo. La tatu lilikuwa kubwa, naye alilishika kwa mikono yote na kifua. Nikavuta. Akavuta. Nikasema kwa meno, "Toa, unatuaibisha," nikavuta kwa nguvu, halafu mikono yangu ikachoka nikaachia. Akaanguka kinyumenyume, na jiwe likamkuta mkono wa kulia juu ya jiwe lingine.

Sitaeleza alivyolia. Mama alimbeba mgongoni kama siku ile ya hospitali, na Bibi, aliyekuwa akitoa tope upande wa pili, aliacha jembe likizama akatufuata. Njiani hakunigombeza. Alinishika bega tu, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, vile viwili vilivyoshika maharage.

Vidole viliunga, vimepinda kidogo, lakini mambo mengine hayakuunga. Bibi alipopiga pembe ya mdomo, Mbonea alijificha nyuma ya ghala. Alirudia kutembea kwa ncha za vidole. Ngazi hakuzikaribia, na penseli tuliyomnunulia aliiacha palepale tulipoiweka. Januari mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani, akala makande yetu, akasema tusivunjike moyo, tujaribu mwakani. Mwakani ilipofika Bibi aliugua, akatutoka wakati wa masika, na bila Bibi hatukujua kuanzisha msaragambo wetu. Tulijaribu, tukawa kama watu wanaoimba wimbo wamesahau sauti ya kwanza. Mwaka uliofuata Mbonea alikuwa mrefu kuliko watoto wa darasa la kwanza, na Mama akaacha kuuliza. Huwa nasikia watu wakisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja mapema, mimi nikiwa bado mtoto.

Sasa Mbonea ni kijana wa miaka ishirini na moja. Sitaki mtu amwonee huruma isiyo yake. Alirudia mawe mwenyewe, polepole, miaka mingi baadaye, na matuta ya shamba letu ndiyo yaliyonyooka kuliko yote upande ule wa mlima. Watu huja kumwomba awajengee, naye huenda akipenda. Ila kitu chochote cha kutoka mkononi mwa mtu hapokei. Nikipanda nyumbani na zawadi naiweka chini, narudi nyuma hatua chache, ndipo anakuja kuichukua. Jina lake hawezi kuliandika. Mama hajawahi kunilaumu. Husema tu, "Ulikuwa na miaka kumi," nami hujibu, "Ndiyo, Mama," na tunaendelea kuchambua mchicha.

Mimi niliishia kidato cha nne, nikashuka Same mjini kujifunza cherehani. Huku hakuna ukungu, kuna upepo na vumbi, nami nashona sare za shule kwenye kibaraza nilichopanga, nikiwa bado na ndoto zangu nyingi, moja ikiwa chumba chenye vioo. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kijana na mtoto wa kiume wa miaka kama saba. Mtoto alitembea kwa ncha za vidole. Nilipotoa futi kamba ya kupimia, alirudi nyuma, nami nikaiweka juu ya benchi ili aitazame kwanza. Tulisubiri. Mama yake alishangaa kwamba sikuwa na haraka.

"Anaanza Jumatatu," akaniambia. "Kuna darasa la watoto kama yeye sasa, wana mwalimu wao."

"Walimpima kwanza?"

"Walimwona tu. Mwalimu akasema nimlete alivyo, mengine atajifunza hukohuko."

Nilimuuliza kama hawakumwambia kwamba mtoto ajue kwanza kushuka ngazi.

"Ngazi zipi, dada?"

"Basi tu," nikasema. Mtoto alikuwa ameokota futi kamba, anaizungusha kwenye kidole. Nilichukua nyingine kwenye droo ya chini, nikampima akiwa amesimama vilevile alivyotaka kusimama, nikaandika mabega, nikaandika kifua. Kwenye mikono ya shati nikaongeza sentimita mbili, maana watoto wakianza shule hukua.