Bachi la Bwana Kuwabara

Bwana Kuwabara Tokuji alistaafu idara ya maji akiwa mkuu wa wasoma mita, na cheo hicho hakukiacha ofisini. Alikuja nacho mpaka kwenye mikeka ya Mwalimu Kiyose, hapa Mukojima, tunapojifunza kouta, zile nyimbo fupi za mapenzi ambazo mmoja anaimba na mwingine anampigia shamiseni, ala ya nyuzi tatu, taratibu, kana kwamba jirani kalala. Wanafunzi tuko saba. Mimi, Nobue, ndimi mkongwe: nina miaka kumi na tisa pale, na nauza biskuti za mchele nyumba ya tatu kutoka hapo. Mwalimu ana miaka sabini na tisa, na akikohoa tu sote tunakaa sawa.

Kuwabara alikuwa na mwaka mmoja wa masomo na maoni ya miaka arobaini. Alimsahihisha Mama Iwai, bibi wa miaka themanini na nne, namna ya kukunja magoti. Mwezi wa saba Mwalimu alipomwambia atapiga wimbo mmoja kwenye onyesho letu la vuli, aliwaalika wenzake arobaini wa zamani kabla hajafika kwake. Baada ya hapo nilimwona kila asubuhi akijizoeza kuinama mbele ya kioo cha duka langu.

Kilichobaki ni kupata shamiseni yake mwenyewe, maana alikuwa akiazima ya Mwalimu. Kwetu mwanafunzi hanunui peke yake. Anamwambia mwalimu wake, wanaongozana dukani, na mwalimu ndiye anayegonga ngozi kwa ukucha na kusema chukua hii, ile acha. Kuwabara alisema yeye amenunua pampu za kata nzima bila kushikwa mkono.

"Bi Nobue, nisindikize basi. Nataka shahidi."

Nikaenda. Siwezi kusema nililazimishwa.

Mwenye duka, Mzee Hatanaka, alitumiminia chai, akauliza swali ambalo wauza shamiseni wote huanza nalo.

"Mwalimu wako nani, bwana?"

"Mimi najitegemea."

"Haya. Unapiga mtindo gani?"

"Ule wenye uzito. Nataka kitu kikilia kisikike mpaka mlangoni. Nina wageni arobaini, mzee wangu."

Hatanaka, anayenijua tangu zamani, akanitazama mimi. Nami nikatazama kikombe changu, nikakichunguza kwelikweli.

Akaleta tatu. Ya shingo nyembamba Kuwabara aliisukuma kwa kidole, akasema hiyo ya wasichana. Ya shingo ya kati, ambayo ndiyo yetu, akasema ni ya mtu asiyejua anachotaka. Akakumbatia ile nene, ya wapigaji wa michezo ya vikaragosi, yenye shingo kama mpini wa jembe. Akachukua na nyuzi nene kuliko zote, na kidaraja kizito cha kuzibebea, na kasha lenye bitana ya zambarau. Halafu akaomba bachi, lile bapa la kuchapia nyuzi. La mti alilikataa. Alitaka la pembe ya ndovu lenye ncha ya gamba la kasa, na bei yake ingetosha kumwoza binti.

Sasa, kouta haina bachi. Tunadonoa nyuzi kwa ncha ya kidole, basi. Na mtu huyu alikuwa amekitazama kidole kitupu cha Mwalimu kila Jumanne kwa mwaka mzima.

"Mwalimu anatumia kidole," alininong'oneza, "kwa sababu ya hali. Mjane, unajua tena. Ningemnunulia hata yeye, ila ataona haya."

Sentensi moja ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaimeza pamoja na chai.

"Umechagua vizuri sana, Bwana Kuwabara," nikasema. "Watashika vichwa."

Majira ya kuchipua aliwahi kusema sauti yangu inavuja kama bomba bovu. Kwa hilo tu. Nilitaka kumwona akianguka, na nilitaka apande juu kwanza.

Jumanne akalifungua kasha mbele yetu sote. Mama Iwai akaanza kuimba, Kuwabara akainua bachi na kuchapa. Vifuniko vya vikombe viliruka. Mama Iwai alikatika kwenye neno la kwanza, mkono kifuani. Paka wa Mwalimu, ambaye jamaa zake wengi wameishia kuwa ngozi za shamiseni, aliruka nje kupitia dirishani.

Nikacheka, peke yangu.

"Kouta haipigwi kwa bachi, Bwana Kuwabara," alisema Mwalimu. "Kosa ni langu. Nilidhani una macho."

Masikio ya Kuwabara yaliiva. Akaanza kulifunga kasha, likamshinda.

"Basi nitawaambia wageni wasije," akasema kwa sauti ndogo. Kicheko changu kiliishia hapo.

"Dukani ulikwenda na nani?"

"Peke yangu, Mwalimu."

"Hatanaka alinipigia simu. Mlikuwa wawili." Akanigeukia. "Nobue."

"Abee, Mwalimu."

"Ulimzuia?"

"Nilimsifia."

"Huyu nitamfundisha kutumia kidole kwa wiki sita, na wageni wake waje. Wewe una miaka kumi na tisa hapa. Nikufundishe nini tena?"

Wimbo wangu ulifutwa kwenye ratiba. Siku ya onyesho Kuwabara alipiga kwa kidole, kwenye shamiseni kuukuu ya Mwalimu. Alikosea mara mbili, na watu wa mita wakampigia makofi kama waliorudishiwa maji. Mimi niliyasikia nikiwa mlangoni, nilikopangiwa kupanga viatu.

Kuwabara alitoka wa mwisho. Akaniona nimechuchumaa na viatu vyake mkononi, akainama chini kabisa mbele yangu.

"Bi Nobue, nisamehe. Nilikuponza."

Afadhali angenitukana.