Suruali ya Kijivu

Walimwita Uzi tangu ujanani, kwa wembamba wake, na jina halikumtoka hata alipojaa. Ni fundi nguo. Kibandani mwake mna meza ya kukatia na cherehani mbili: ya miguu, aliyokuwa akiitumia mkewe, na ya umeme, aliyonunuliwa na bintiye baada ya mazishi ya mama ili baba asichoke.

Kweli hakuchoka. Alikaa tu, miaka minne. Kila kiuno kilipombana, alifumua suruali yake akaitanua kidogo, na kesho yake ilimkaa vizuri. Moja tu hakuigusa: ya kijivu, ya mwisho kushonwa na mkewe. Mshono ule hakuwa na moyo wa kuufumua. Aliikunja akaiweka sandukuni, akiitamani.

Kwenye kliniki ya kisukari, muuguzi alimzungushia futi kiunoni.

"Arobaini na nne."

"Futi yako imevutika, dada. Mimi nguo hazinibani."

"Nani anakushonea?"

"Mwenyewe."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akasema taratibu, "Baba, dozi ya insulini tumeipandisha mara mbili na sukari haishuki. Mafuta ya tumbo yanaufanya mwili uwe kiziwi kwa insulini. Misuli ikifanya kazi, inaanza kuisikia tena. Bila hivyo tutapandisha mara ya tatu. Anza polepole, na mfukoni usikose kitu kitamu, sukari isije ikaporomoka."

Siku hiyo aliifunika cherehani ya umeme kwa shuka, na ile ya miguu akaitia mafuta. Kitini palikuwa bado na mto wa mkewe. Chuma cha kukanyagia kiling'aa mahali nyayo zake zilipozoea.

"Uzi, umekatiwa umeme?" aliuliza fundi viatu wa jirani.

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na suruali."

Akakanyaga kutwa. Kazini alikwenda kwa miguu, akapunguza chakula sahanini. Mara nyingine, akizama katika mlio ule, alinyoosha mkono nyuma kuomba chaki, na mkono ukabaki hewani.

Mwezi wa nane tangu aanze kukanyaga, muuguzi alipima mara mbili. "Arobaini na moja. Sukari imetulia. Dozi tunaishusha, baba."

Alirudi nyumbani mbiombio, akafungua sanduku. Suruali ilipanda mapajani, ikapita makalio. Kifungo na tundu lake vikabaki mbali, vidole viwili.

Akaivua, akaigeuza ndani nje. Nyuma, kwenye mshono wa kiuno, mkewe alikuwa amemwachia akiba ya kitambaa, inchi nzima kila upande, kama aliyejua. Wembe ulikuwa mezani. Kufumua kidogo tu na kushona upya, na angeivaa leo.

Aliupitisha ukucha juu ya mshono ule, tundu moja la sindano hadi lingine, mpaka mwisho. Akaikunja upya.

Kesho yake alfajiri fundi viatu alisikia cherehani ya miguu kabla hajafungua mlango wa kibanda chake.