Jina la Mzee Ovila

Nkatha alikuwa na mimba ya miezi saba, ya mtoto wa kiume, alipoanza kutusumbua kuhusu ukoo wa mumewe. Wenzake hutamani udongo na ndimu. Yeye alitamani wakwe.

Tulikuwa majirani kwenye fleti za Route 7, Falls Church, huku Marekani: yeye Mmeru wa Nkubu, muuguzi katika nyumba ya wazee, na mimi, Flaviana, mwanamke wa Bukoba nisiyejua kunyamaza. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Sasa Marcel, mumewe Mmarekani, baba yake hakumjua kabisa. Alilelewa na babu mzaa mama, mzee Ovila, fundi samani aliyetoka Quebec, Kanada, akahamia Massachusetts kutengeneza viti. Nkatha akaamua jina litakuwa hilo, ila kwanza lazima ajue mzee alitoka kijiji gani na kwa watu gani. Huwezi kumpa mtoto jina la mtu usiyejua kwao, alisema. Basi kila Jumapili baada ya ibada tukawa tunakunywa chai kwake na kumhoji Marcel kama polisi.

Wala hakuchukia. Alikumbuka karakana ya Pépère, yaani babu kwa Kifaransa, ndivyo alivyomwita mzee; harufu ya gundi ikipashwa moto, na Kifaransa kikali kilichomtoka mzee alipokosea kipimo. Alituonyesha kiti cha kubembea alichotengeneza mzee, kisicho na msumari hata mmoja, akaniambia nipapase chini ya kikalio. Kulikuwa laini kama juu. Mzee alikuwa akisema kwamba chini ya kiti ndiko watoto wanakochezea, nao wana vidole. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, nikakaa kimya, na Nkatha akauliza kama naumwa.

Ili kukipata hicho kijiji, Marcel alituma mate yake maabara yapimwe DNA, ijulikane asili yake. Majibu yakaja bila chembe ya Quebec. Wajukuu wengine wa Ovila walikuwa wamepimwa huko huko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa damu moja na Marcel. Akampigia mama yake mkubwa, Edna, binti wa Ovila. Edna akasema ukweli: mama yake Marcel alikuwa kichanga kilichoachwa na mpangaji aliyeondoka bila kuaga. Ovila akamchukua, akamtengenezea kitanda wiki hiyo hiyo, akawakataza watu wote wa nyumbani kulitaja jambo hilo tena.

Marcel alikaa chini kwenye zulia akalia, mwanaume mzima. Akamwambia mkewe atafute jina lingine, kwa sababu lile la Ovila halikuwa lake kuligawa. Mimi niliogopa. Nilijua Nkatha alivyoshika mila za kwao, nikadhani kwake damu ndiyo kila kitu.

Yeye akachukua simu akampigia mama yake kule Nkubu, akaweka sauti tusikie sote.

"Mum, huyo mzee si damu ya Marcel. Sasa mtoto tutamwita nani?"

Mama akauliza ni nani aliyemfundisha Marcel kutembea. Nkatha akamgeukia mumewe, naye akajibu kwamba ni Ovila.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," mama akasema. "Mwiteni Ovila." Akaanza kuuliza habari za baridi.

Mtoto alizaliwa Machi. Nilifika hospitali na uji wangu kwenye chupa ya chai, nikamkuta Nkatha akimfafanulia mumewe mila iliyobaki: mtoto aliyebeba jina la mzee, unamwita vile ulivyokuwa ukimwita mzee mwenyewe, na unamsalimia kwa heshima hiyo hiyo. Marcel alisikiliza. Akampokea mwanawe kwa mikono miwili.

"Pépère," akasema taratibu, "nimekukumbuka sana."