Dola Iliyosuguliwa

Habari za kifo chake nilizipata kwenye kundi la simu la wanajumuiya wetu wa Toronto, zimezungukwa na picha za mishumaa na mikono inayosali. Sijamaliza kusoma, katibu wa kamati ya mazishi akanipigia. "Kaka, wewe ndiye mwenye kalamu. Mwandikie mzee maneno mazuri kwenye safu yako." Nikamjibu kwamba nitaandika. Kuhusu uzuri wa maneno sikuahidi kitu, na wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina ustadi wa kumeza ninachotaka kutema. Mtu huyu sikumpenda alipokuwa hai. Amekufa, Mungu amrehemu, na bado simpendi.

Marehemu alikuwa mpima sarafu. Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wetu kule Downsview, alitandaza kitambaa cheusi kwenye meza ya pembeni, akawasha taa yake ndogo na kubana lenzi jichoni. Watu wakamletea sarafu kuukuu walizopewa na waajiri au walizozikuta kwenye nyumba walizohamia, naye akazipa daraja: hii imechakaa, hii nzuri, hii kama imetoka kiwandani jana. Kazi aliijua. Hakumdanganya mtu wala hakuchukua cha mtu, hilo namkubalia. Ubaya wake ni kwamba aliinuka mezani na bado akaendelea kupima. Nakumbuka baba mmoja mgeni alijitambulisha kwetu kuwa ni mfamasia. Marehemu akamtazama viatu vyake vya ghalani, kisha akasema ukumbi mzima ukasikia: "Ulikuwa mfamasia. Hapa wewe ni mpakia maboksi. Tuambiane ukweli." Yule baba alicheka, kama tunavyocheka tukitiwa aibu mbele za watu, na chai yake akaiacha pale pale mezani.

Lakini kisa kinachonikaa kooni ni cha shangazi yangu. Shangazi anahudumia wazee majumbani mwao. Bibi mmoja aliyekuwa akimwogesha na kumlisha alimpa dola ya fedha ya zamani, mbele ya watoto wake, akamwambia ni asante yake. Ni ile dola ya Kanada yenye mtumbwi na watu wawili wanaopiga kasia. Shangazi akaazimia kumpa binti yake siku ya kumuaga kabla ya ndoa. Alitaka kwanza mjuzi aitazame, ili siku ya kuitoa aweze kusema ni kitu gani anachotoa. Kwetu kitu cha kumkabidhi mtu husuguliwa kwanza. Sufuria ya kuazimwa hurudishwa ikiwa inang'aa kuliko ilivyokuja, na bilauri ya mgeni hufutwa hata kama imetoka kabatini. Nyumbani tungetumia majivu. Shangazi anaishi chumba cha chini ya nyumba huko Brampton na jiko lake ni la umeme, majivu atayatoa wapi? Akatumia dawa ya meno na magadi, akasugua mpaka mtumbwi ukametameta.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake alipoiweka kwenye kile kitambaa cheusi. Marehemu aliinama juu yake kwa muda mrefu. "Mama, hii si ya kawaida," akasema. "Tazama maji hapa mbele ya mtumbwi. Mistari imekatika. Haikuchakaa. Fundi wa kiwandani aliusugua mno muhuri, ule wa chuma unaogongea sura, mistari ikafutika kabla dola yenyewe haijatengenezwa. Za namna hii ni chache, watu wanazisaka." Uso wa shangazi uling'aa kuliko ile dola. Kisha marehemu akaigeuza chini ya taa, akanuna. "Umeifanya nini?"

"Nimeitakatisha, baba. Ningekuleteaje kitu kichafu?"

"Kwa kitu gani?"

"Dawa ya meno. Na magadi kidogo."

"Umeiua!" Akawageukia waliokuwa wakinywa chai. "Njooni muone! Njooni muone ujinga unavyoua fedha! Imejaa mikwaruzo, haina daraja tena!"

Shangazi aliuliza kwa nia safi kabisa, "Kumbe na wao wa kiwandani walisugua?"

Watu wakaangua kicheko, na hawakumcheka shangazi, walimcheka mpima. Marehemu akavimba. "Usijilinganishe na kiwanda cha serikali, Mama Dawa ya Meno!" Akamrudishia dola kwa ncha za vidole. Siku ya kumuaga, binti alipewa vitenge na seti ya sufuria. Dola ilibaki ndani ya mkoba wa shangazi, ambaye hakutaka kuiona wala kuitupa. Jina nalo likamganda. Marehemu alilirudia harusini, kwenye ubatizo, kwenye harambee, kila alipokosa la kuchekesha watu.

Swali lile la shangazi halikujibiwa, nami nimelitafuna kwa miaka. Kiwanda kikisugua muhuri, kosa lake linaitwa adimu na linatafutwa kwa lenzi. Mhudumu wa wazee akisugua dola ili asimletee mtu kitu kichafu, anaitwa mjinga. Naijua hoja ya wenye fani, kwamba lile ni kosa la kuzaliwa na hili ni jeraha la baadaye, na kwa sarafu naikubali. Kwa watu siikubali hata kidogo. Sisi sote tuliokuja huku tulipimwa tulipofika. Vyeti vyetu viligeuzwageuzwa chini ya taa za maofisini tukaambiwa havina daraja. Nasikia hata marehemu alikuwa mwanajiolojia aliyeishia kulinda maegesho ya magari. Ningemhurumia, kama asingeichukua ile fimbo aliyochapwa nayo akaja kutuchapa nayo ukumbini kwetu, mahali pekee ambapo mtu angeweza kuvua viatu vya ghalani na kuitwa mfamasia.

Nilikwenda matangani Brampton, kwa sababu kumchukia mtu hakukuondolei wajibu. Shangazi nilimkuta jikoni, mikono imejaa mapovu. Mama mmoja akachungulia mlangoni, bila ubaya wowote, akasema, "Mama Dawa ya Meno, mwiko wa pilau uko wapi?" Binti wa shangazi, aliyekuja kutoka Pickering alikoolewa na aliyekuwa akifuta sahani, aliuliza kwa Kiingereza, kama walivyo watoto wa huku, kwa nini mama yake anaitwa hivyo. Shangazi akajifanya hakusikia. Nikamweleza mimi, tangu bibi mgonjwa hadi taa ya marehemu. Binti akaweka sahani chini. Akauliza hiyo dola iko wapi.

"Imeharibika, mwanangu," shangazi akasema. "Haina daraja."

Binti akajikakamua kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, mimi nataka hiyo hiyo."

Shangazi alikausha mikono, akafungua mkoba. Dola ilikuwa imeanza kuingia weusi. Akaishika kwa upindo wa kanga, akaisugua upande mmoja, akaisugua upande wa pili, akaiinua dirishani kuitazama, akaisugua tena. Ndipo akampa mwanawe, kwa mikono miwili.

Somo nililolipata jikoni humo ni dogo. Mpima amekwisha, lakini daraja alilompa mtu bado linaita mlangoni na kuuliza mwiko, na huenda likamfikia hata mjukuu. Mwenye mazoea ya kuwapima wenzake alifikirie hilo angali na pumzi ya kulifuta. Nawe katibu, uliyeniomba maneno mazuri, usinikasirikie. Shangazi husugua kitu kwa sababu anamheshimu anayempa. Mzee wetu mimi nimewaletea kama alivyo.