Akina Mama Walifunga kwa Ajili ya Tumbo la Katunge

Saa saba kasoro mchana, na joto la Athi River limelala juu ya mabati ya kiwanda halitaki kuondoka. Ndani, cherehani zinanguruma safu kwa safu. Katunge ameinamia ya kwake, anashona viuno vya suruali za jinzi zitakazovaliwa ng'ambo na watu asiowajua. Mikono inakwenda, mguu unakwenda, na tumbo limekaa mapajani.

Limekaa hasa, kama mtoto anayepakatwa. Akitaka kugeuka kuchukua kitambaa, analiinua kwanza kwa mkono wa kushoto, analisogeza, ndipo anageuka. Amefanya hivyo tangu alipojifungua pacha miaka minane iliyopita, hata hatambui tena anapofanya.

King'ora cha chakula kinalia. Wenzake wanakimbilia githeri nje ya geti. Yeye anaelekea chooni. Huko anatoa kitambaa kilicholowa jasho chini ya mkunjo wa tumbo, anatoa vingine viwili chini ya matiti, anaweka vikavu, kisha anatoka akitabasamu kama mtu aliyekwenda kunawa uso.

Wiki ijayo Katunge, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, atalala juu ya meza ya upasuaji. Daktari ataondoa ngozi ya tumbo iliyozidi, atakaza misuli iliyoachana, kisha atahamia juu apunguze matiti na kuyainua. Yote hayo siku moja, kwa usingizi mmoja.

"Wewe andika tu," anamwambia mwandishi huyu huku akitazama pembeni. "Aibu nimeshaimaliza yote. Imebaki ya gazeti."

Hajaimaliza, wacha nikwambie. Ungemwona anavyoyasema hayo huku leso ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, ungejua.

Mambo yalianzia getini mwaka jana, 2003. Katika kiwanda hicho, ambacho hatutakitaja, wafanyakazi hupekuliwa kila jioni wasije wakatoka na vitambaa vya kampuni. Unapanga foleni, unainua mikono, unapapaswa, unakwenda zako. Jioni hiyo palikuwa na askari mpya, mwanamke. Alipapasa kiuno cha Katunge, akasimama. Akapapasa tena.

"Umeficha nini hapa?"

"Hakuna kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini? Toa hiyo kitambaa umejifunga!"

Foleni nzima ilikuwa nyuma yao, wanaume kwa wanawake. Askari hakungoja jibu, akavuta blauzi juu. Kitambaa cha kampuni hakikuwepo. Kilichokuwepo kilikuwa ngozi, mikunjo kwa mikunjo, imening'inia hadi juu ya nyonga. Nyuma huko mtu alicheka. Askari akaiachia blauzi haraka, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mama."

"Hiyo pole ndiyo iliniua," Katunge anasema. "Angenitusi ningemjibu. Sasa pole utaijibu na nini?"

Alirudi nyumbani, akapika, akala, akalala. Ilimchukua majuma kadhaa kumwambia mumewe, Urbanus, ambaye huchonga mawe ya kujengea huko Mlolongo. Katunge alikuwa amesikia redioni kwamba katika hospitali moja ya misheni, madaktari wageni huja mara mbili kwa mwaka kurekebisha maungo, na kwamba malipo yao si makubwa. Kwa mshahara wake, ambao haufiki shilingi elfu tano kwa mwezi, hapo peke yake ndipo palipowezekana.

"Mama Mutanu," Urbanus akamwambia, "mimi nimelalamika siku gani?"

"Hujalalamika, baba. Mimi ndiye nalalamika."

Mzee wa watu hakubisha. Ng'ombe wao wawili waliokuwa Matuu wakauzwa.

Lakini aibu haikuishia getini. Ilimtangulia hospitalini ikamngoja kwenye benchi. Madaktari hao huja hasa kwa ajili ya watoto walioungua na waliozaliwa midomo ikiwa imepasuka. Katunge akajikuta amekaa karibu na mama aliyempakata mwana wa kike, kidevu chake kimeshikana na kifua kwa sababu ya uji wa moto. Mama yule, kwa wema tu, akamgeukia.

"Na wewe dada, uko na shida gani?"

Katunge akamtazama yule mtoto. "Uvimbe," akasema. "Kwa tumbo."

"Neno lilitoka lenyewe," anasema sasa. "Halafu yule mama, na shida zake zote, akanishika mkono akaniambia Mungu atanisaidia. Nilitaka benchi inimeze."

Daktari naye hakuuma maneno. Alimkagua, akamwambia huo si ugonjwa, ni ngozi. Vidonda vya kwenye mikunjo vingeweza kupakwa dawa, na angeweza kuzeeka na tumbo lake bila kufa. Kisha akamuuliza swali ambalo Katunge hakuwa amejiandaa nalo: anataka upasuaji kwa sababu ya vidonda, au anataka tu?

"Nikasema nataka tu." Anashusha sauti, ingawa tuko peke yetu. "Vidonda viko, na vinawasha usiombe. Lakini nisikudanganye. Hata vikipona leo, bado nataka. Nataka kuvaa rinda la kubana hapa." Anagusa kiuno, kisha anauondoa mkono upesi kana kwamba amegusa kitu cha watu.

Daktari alimweleza kwamba tumbo na matiti vikifanywa pamoja, atakaa kwenye usingizi saa nyingi zaidi, damu itapotea zaidi, na maumivu yatakuwa ya pande mbili. Damu pia yaweza kuganda miguuni, na watu wamekufa kwa hilo. Akamwambia arudi nyumbani akafikirie.

"Nilifikiria mpaka ugali ukaungua," anasema. Alichoamua ni hiki: kiwanda hakiwezi kumpa likizo ndefu mara mbili, na yeye mwenyewe hana moyo wa kujificha mara mbili. Ikiwa ni kisu, basi kipite mara moja kimalize.

Kujificha huko ndiko kulikomponza.

Mwenzake wa cherehani ya jirani ni Kalunde, anayeitwa Mama Levi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Katunge alipomwomba msimamizi ruhusa ya kwenda "operesheni ya tumbo", Kalunde alikuwa papo hapo, sikio limesimama.

"Ngai! Ni uvimbe?"

Katunge hakusema ndiyo. Hakusema la pia. Alishusha macho, na Kalunde akajijazia yaliyobaki.

Sasa, akina mama wa huku hawamuulizi mgonjwa mara mbili. Jumamosi hiyo hiyo walifika kwake na kuni, mtungi wa maji na unga wa pakiti. Wakamlaza kwenye kochi, wakaweka mikono palipo na ugonjwa, kama desturi yao ilivyo. Mikono saba ikatua juu ya tumbo lile ambalo kwa miaka minane alikuwa akilificha. Wakaukemea uvimbe, wakauamuru unyauke.

"Mmoja alisema anausikia unasogea," Katunge anasimulia. Kicheko kinamponyoka, anakiziba na leso. "Nilifunga macho. Nilikuwa naomba mimi pia, lakini mimi nilikuwa naomba wasishike vizuri."

Wakati wa kuondoka, Kalunde akatangaza kwamba kila Alhamisi hawatakula mpaka dada yao atoke hospitalini salama. Hawa ni wanawake wanaoshona kutwa nzima. Na Kalunde mwenyewe ana vidonda vya tumbo vya kweli, vya hospitali, vyenye dawa. Alhamisi ya tatu alijikunja juu ya cherehani jasho likimtiririka. Msimamizi akamletea chai ya maziwa, yeye akaisukuma kando.

"Siwezi kunywa," akasema, "na huyu anaenda kwa kisu."

Je, Katunge alifunga? Hakufunga. Mgonjwa hafungi, wenzake walimkataza kabisa. Alikula githeri mbele yao, wakamhimiza amalize ili apate nguvu.

"Nilimaliza," anasema. "Nilimaliza sahani yote."

Matayarisho yakaendelea. Daktari alimkataza ugoro, ambao alikuwa akinusa kwa siri nyuma ya choo, kwa kuwa tumbaku huchelewesha ngozi kushikana. Alimkataza dawa za miti shamba na vidonge vya maumivu vya dukani. Katunge akaanza kumeza vidonge vya kuongeza damu na kula maini kila yalipopatikana. Kwa kuwa hataweza kuinua mikono wala kusimama wima kwa siku nyingi, alijishonea magauni mawili ya kufunguka mbele, akajizoeza kulala chali na mito chini ya magoti, na kutembea ameinama kama mtu anayepalilia. Pacha wake walimwiga nyumba nzima, wakidhani ni mchezo.

Likabaki jambo moja. Lazima awe na mtu wa kumtunza: wa kumwosha, kumbadilishia bandeji na kumwaga maji yatakayotoka kidondani kwa mirija. Urbanus yuko kwenye mawe. Kalunde alikuwa amejitolea zamani, tena kwa furaha. Ila daktari hamkati mtu mpaka mtunzaji wake afike kliniki afundishwe, aonyeshwe kila bandeji itakaa wapi. Na bandeji nyingine zitakaa kifuani. Uvimbe gani wa tumbo unaokatwa kwenye matiti?

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Katunge alimfuata Kalunde jikoni kwake, akamkuta anachambua ndengu.

"Mama Levi, siko na uvimbe."

Ungo ukaruka. Ndengu zikatapakaa sakafu nzima. "Haleluya!" Kalunde alipiga kelele, akaanza kuimba na kucheza pale pale, akafungua dirisha kuwaita majirani waje waone Mungu alivyotenda. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Katunge anasimulia:

"Ilibidi nimshike mkono. Ilibidi nimwambie sijawahi kuwa nayo."

Kalunde alikaa kwenye kigoda. Aliambiwa yote: ngozi, geti, matiti, rinda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mimi nimekaa njaa Alhamisi zote hizi, na hii tumbo yangu mbovu, nikiombea ngozi?"

"Ndiyo."

"Na matiti."

"Na matiti."

Kalunde akapiga magoti akaanza kuokota ndengu, moja moja. Katunge alipoinama kumsaidia, akamwambia bila kuinua kichwa, "Enda nyumbani, Mama Mutanu."

Alhamisi iliyofuata Katunge alisimama mbele ya akina mama wote, akayarudia kwa mdomo wake. Wawili walitoka nje. Mmoja alicheka. Mwingine alimfuata baadaye hadi mlangoni, akamuuliza kwa kunong'ona daktari huyo hupatikana wapi. Kalunde alitazama pembeni, na kazini ikawa vivyo hivyo. Cherehani zao ziko bega kwa bega, akawa anampitishia vitambaa bila kumtazama, wiki nzima.

Siku ya kliniki Katunge alikwenda peke yake. Alikuwa ameshakata tamaa. Angemwambia daktari kwamba hana mtunzaji, afutwe kwenye orodha, arudi kwenye vitambaa vyake.

Kalunde alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa amefika kabla yake.

Hawakusalimiana. Ndani, muuguzi alimwomba Katunge avue, kisha akauinua mkunjo wa tumbo ili aonyeshe mshono utakapopita. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, imelowa, kutoka nyonga hadi nyonga. Chini ya matiti ilikuwa hivyo hivyo. Kalunde aliangalia kwa muda mrefu.

"Na ulikuwa unakaa hapo karibu yangu na hii?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Ndiyo."

"Ungesema ni ngozi tu, kwani ningekataa kukuosha?"

Katunge alisimama pale uchi, amejifunika uso badala ya mwili.

Nilipomtafuta Kalunde, hakutaka maneno mengi. Alisema mwili ni wa mwenyewe, akatwe akitaka, na yeye hana kesi na urembo wa mtu. Atakwenda. Mirija ameshaijua, na bandeji ameshafundishwa.

"Nitamwosha, nitamgeuza, nitampikia uji," alisema. "Lakini kumwombea, hapana. Hiyo ajiombee mwenyewe kwanza."

Nilimpelekea Katunge maneno hayo. Alikuwa anapiga pasi yale magauni mawili. Hakushangaa, na hakulalamika. Aliweka pasi chini, akakunja gauni taratibu, kola kwa kola. Nikamuuliza, basi, akishapona, anatumaini nini? Nilidhani atataja rinda.

"Rinda litakuja," akasema. "Mimi nataka siku moja nishikwe na kichwa tu, kichwa ya kawaida. Nimwambie Mama Levi kichwa inaniuma, na yeye aniamini."