Siki ya Mwalimu

Nianze kwa kusema kwamba mimi hunywa. Sijawahi kulewa nikabebwa, wala sijawahi kukosa kipindi darasani kwa sababu ya pombe, lakini hunywa, na nikinywa hufurahi. Nalisema hili mapema kwa kuwa miaka yote niliyofundisha Mbwajumali, kisiwani, sikumwambia mtu yeyote pale, na yote yaliyonipata yalitokana na kutolisema.

Kwetu ni magharibi. Mama yangu alikuwa na mrija wake wa kunywea busaa, pombe yetu ya nafaka, mrefu kuliko mimi wakati huo, aliokuwa akiuning'iniza juu ya mlango wa jiko na kutukataza kuugusa. Wanawake wa kikundi chake walipomaliza kupalilia shamba la mmoja wao, chungu kiliwekwa katikati, kila mmoja akaingiza mrija wake. Hapo ndipo tulipowasikia mama zetu wakicheka kicheko ambacho hawakukileta nyumbani. Mchungaji aliwahubiria juu ya chungu hicho Jumapili baada ya Jumapili, nao walimsikiliza kwa adabu kabisa.

Mimi mwenyewe chuoni nilipenda saida, ile pombe ya tufaha, iwe baridi mpaka chupa itoe jasho. Dada yangu, ambaye anatunza wazee katika nchi moja ya baridi huko ng'ambo, siku hizi hataki kitu ila divai ya waridi yenye mapovu. Hunitumia picha za glasi yake kana kwamba ni mtoto aliyemzaa. Ananieleza pia vinywaji vya wenzake kazini: kuna anayekunywa jini na ndimu, kuna anayetia barafu ndani ya bia, na kuna bibi mmoja anayemtunza, wa miaka tisini, ambaye halali bila kijiglasi cha kitu cheusi kitamu kinachonuka dawa ya kifua. Siku moja aliniuliza kwa ujumbe wa sauti, "Na wanawake wa huko kisiwani kwako hunywa nini?" Nikamjibu ukweli: kahawa ya tangawizi, maji ya ukwaju na chai ya maziwa yenye iliki. Alicheka mpaka akakohoa. "Pole sana, dada," akasema.

Nami nilijipokea hiyo pole. Nilijihurumia mno mwaka ule wa kwanza, wakati mtu wa kunihurumia nilikuwa naye nyumba ile ile.

Huyo alikuwa mwenye nyumba wangu, mjane wa makamo ya mama yangu, niliyemwita Bi tu. Nilipofika na begi langu, mwanamke wa bara, sina mume, msalaba shingoni, nyumba mbili zilinikataa kwa upole. Yeye alinitazama kidogo kisha akasema, "Ingia, mwanangu, mai ya kuoga yako kule." Jirani walipouliza amejuaje kama mimi ni mtu mwema, aliwajibu kwamba amejua. Nilipopata homa wiki ya tatu, alininywesha uji wa mchele kwa kijiko. Tulitumia uwanja mmoja wa jiko, mimi upande wangu na yeye wake, na hakukuwa na mlango katikati.

Mgema nilimpata mwaka wa pili. Alikuwa mtu wa pwani ya bara aliyekabidhiwa minazi ya tajiri fulani asiyekaa kisiwani, mbali kidogo na mji, na aliyekuwa akiuza ni mkewe. Siku ya kwanza mama huyo alinikalisha kwenye gogo, akanipa kibuyu na mrija mfupi wenye kichujio cha nyuzi. Nilipouona ule mrija machozi yalinitoka, sikuona haya. Mnazi, yaani tembo la nazi, ulikuwa wa asubuhi ile, mtamu, unachomachoma ulimi kidogo. Tulikunywa pamoja, tukawasema waume na walimu wakuu, tukacheka. Nikarudi na dumu la lita tatu, lile la mafuta ya kupikia, nikaliweka kivulini karibu na mtungi wangu.

Bi alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akasimama. "Mwalimu, ni nini hiki kinukacho?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Ningesema ni changu, nisamehe, nitakiweka mbali. Naamini angeguna, angenipangia masharti, tungeendelea. Badala yake mdomo wangu ulikimbia peke yake: "Siki, Bi. Siki ya nazi. Ya kachumbari."

Uso wake ulifunguka. Siki ya nazi ilikuwa imeadimika, akasema, siku hizi kila mtu hununua ya chupa, haina ladha wala haina nini. Akanisifu kwa kujua vitu vya zamani. Toka siku hiyo jirani akinusa chochote uwanjani kwetu, Bi ndiye aliyemjibu kabla sijafungua mdomo: "Ni siki ya mwalimu." Nilimsimulia dada yangu. "Basi swali lako limejibiwa," nikamwambia, "wanawake wa huku hunywa siki." Tulicheka sana, yeye kule na divai yake na mimi huku na kikombe cha bati. Nikikumbuka kicheko hicho sasa, nasikia aibu mpaka masikioni.

Mwaka wa tatu, watoto wa Bi walimpa habari kwamba wamefanikiwa kumpatia nafasi ya kwenda Haji. Alilia siku nzima, akafanya kazi zake huku analia. Kisha akaanza matayarisho, na katika matayarisho hayo akaamua kwamba chakula cha ugenini hakitamshuka bila achari yake ya ndimu. Ijumaa moja akaniambia, "Nitakuya kutukua siki yako. Achari ya kwenda nayo Makka siitii siki ya dukani."

Nilikubali kwa kichwa. Asubuhi ya Jumamosi nilitoka mapema kwenda Kizingitini, mji wa jirani, kutafuta siki ya chupa, niimimine ndani ya dumu safi na kumpa hiyo kama yangu. Uongo juu ya uongo, lakini angalau kingekuwa kitu cha halali. Wala msidhani sikufikiria njia rahisi zaidi. Ningeweza kuumwaga ule mnazi kabla sijatoka, chini ya mpapai, dakika moja tu. Sikuumwaga kwa sababu ulikuwa wa jana jioni, bado mtamu, nami niliutaka niurudie. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Nilizunguka maduka ya Kizingitini mpaka nikaipata, chupa mbili. Nikarudi saa sita nimeloa jasho. Nilipoingia uwanjani nilikuta ndimu zimeshakatwa, zimeshatiwa chumvi na pilipili, na Bi ameinama juu ya chupa pana ya kioo. Dumu langu lilikuwa ubavuni pake, mdomo wazi, tupu.

"Nimeona yafaa nisingoje," akasema. Hakunitazama. Nilidhani ni kwa ajili ya kazi.

Chupa zangu mbili nikazisukuma chini ya kitanda.

Nilijifariji. Mnazi ukikaa huwa siki, hilo kila mtu analijua, wala hakuna anayeugeuza, hujigeuza wenyewe. Achari ile ingekaa juani siku nyingi kabla ya safari. Kwa hiyo, nilijiambia, nilichosema kilikuwa kweli iliyotangulia wakati wake. Nilizipanga hoja hizo vizuri, mimi mwalimu wa hesabu, mpaka nikataka cheti. Jumatatu, katika chumba cha walimu, nilimuuliza mwenzetu anayefundisha dini, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, tembo likigeuka siki huwa na hukumu gani.

Alifurahi kuulizwa. "Likigeuka lenyewe, pasipo kutiwa kitu, ni safi na ni halali," akasema. Nikashusha pumzi. "Lakini likitiwa kitu kabla halijageuka, hata chumvi, basi kwa madhehebu yetu halisafiki tena. Kile kilichotiwa kimekwisha kunajisika, nacho hulinajisi tena."

Ndimu, chumvi, pilipili. Nikamshukuru, nikaenda darasani kufundisha sehemu.

Kila siku nikitoka shule niliiona ile chupa juu ya ukuta wa uwanja, inapigwa na jua, na kila siku niliapa kwamba leo nitasema. Nilichoogopa nakijua. Niliogopa uso wake ulionifungukia siku ile ufungike, niliogopa jirani waje kumwambia kwamba walimwonya, na niliogopa kutafuta chumba kingine katika mji ambao wote wangejua kwa nini nimetolewa. Hata kuipasua nilifikiria. Siku moja niliishika kabisa. Ilikuwa ya moto mkononi kwa jua. Nikairudisha.

Mwenye kwenda Haji huzunguka kwa watu wake kutaka radhi, asiende na haki ya mtu shingoni. Bi alianza na ndugu, akafuata majirani, hata mwanamke waliyenuniana miaka kumi kwa ajili ya kuku alimwendea. Kwangu alikuja mwisho, alasiri ya siku ya kuamkia safari. Hakubisha hodi yake ya kawaida. Aliketi juu ya mkeka wangu, mimi nikashuka kitandani nikaketi naye, na chini ya kitanda hicho zilikuwamo chupa mbili za siki ya dukani.

"Mwalimu, nimekuya kutaka radhi."

"Bi, wewe hujanikosea kitu."

"Nimekukosa. Nisikiza." Alikuwa akikunja ncha ya leso yake na kuikunjua. "Siku ile nalipotukua siki, nalifungua dumu, nkatia nusu, pua ikanambia: hili ni tembo. Mimi nimelelewa mashambani, harufu ya tembo naijua. Nkaonda kwa kidole, ulimi nao ukanambia vivyo hivyo. Asubuhi nzima nalikaa mbele ya chupa nikikudhania. Hata nalipanga maneno ya kukwambia uhame."

Akaikunja tena ncha ile.

"Kisa nkajiambia, mtu huyu yuko kwangu miaka mitatu, sijamshika na urongo hata mmoya. Huyu ni shetani, ataka kuniharibia safari yangu. Dumu nalikuwa nimelitia nusu tu. Nkaenda nkalitia lote, tone sikubakisha, ili nimkomeshe." Akainua macho, yamejaa maji. "Nimekudhania uovu, mwanangu, nawe huna makosa. Nisamehe."

Nimeshaulizwa maswali magumu na wakaguzi na mabosi, na mara moja na polisi barabarani. Hakuna lililonishinda kama lile ambalo halikuwa hata swali. Maneno yalikuwa mdomoni, matatu tu: lilikuwa tembo, Bi. Nilitazama uso wake. Alikuwa anangoja kama mtoto anayengoja kuambiwa aende akacheze. Nikijua vizuri ninachofanya, nikamwambia, "Nimekusamehe, Bi."

Akanikumbatia. Alilia begani kwangu kwa furaha, akaniombea afya na mume mwema, akaniambia roho yake sasa ni nyepesi. Kesho yake tulimsindikiza mpaka bandarini pamoja na mji mzima. Chupa ya achari ilikuwa ndani ya kikapu, imezungushiwa kanga mbili isivunjike.

Kwa mke wa mgema sikurudi tena. Si uchaji. Nilijaribu mara moja, nikaweka mrija mdomoni, nikasikia ladha ya chumvi na pilipili ambayo haikuwamo. Dada yangu aliniuliza kwa ujumbe siki inaendeleaje, na sikumjibu.

Bi alirudi amekonda, anang'aa. Alinigawia tende, na udi, na kichupa cha Zamzam. Aliniambia kwamba hemani walikuwa wanawake wa nchi nyingi wasioelewana lugha, na kwamba achari ndiyo iliyowaunganisha: wa Nijeria aliila na wali, mmoja kutoka Uturuki aliila na mkate mtupu, wote wakanyoosha vidole kuomba zaidi. "Hadi Waarabu, mwalimu!" Alicheka. Mimi nilikuwa nawahesabu wale wanawake mmoja mmoja, nikiiwaza na siku waliyokuwa wameingoja maisha yao yote.

"Bi," nikasema. Nilikuwa nimeamua, naapa nilikuwa nimeamua. "Siki ile..."

Aliniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilinukia udi. "Usilitaje, mwanangu. Dhana ile nalikuwa nayo hata baada ya wewe kunisamehe, ikinirudia ndiani kote. Siku ya Arafa, wakati watu waombea wana wao na wafu wao, mimi nalililia hilo tu, jua zima. Sikupata wakati wa kumuombea hata marehemu mume wangu. Limekwisha. Ukilitaja wanirudisha nyuma."

Akaondoa mkono. Kisha akafungua kikapu chake, akatoa ile chupa pana ya kioo, imeoshwa imetakata, akaniwekea mapajani.

"Nitilie siki nyingine," akasema. "Ile ile."

Niliipokea kwa mikono miwili.